Usingoje kaunta kumtafutia mzazi kiti cha mbele

Umewahi kumpokea mzazi wako uwanja wa ndege akiwa amevaa malapa kwa sababu viatu havimwingii? Mimi nimewahi, na kosa lilikuwa langu.

Mama alikuwa ametoka London kumwona mjukuu wake. Mimi nilikuwa nimejikusanyia pointi kwa miaka mitatu katika safari za kikazi, nikamwahidi kuwa zitamtoa daraja la kawaida na kumpeleka daraja la juu, alale chali kama yuko kwake. Siku ya kuondoka nikamsindikiza hadi kaunta, kifua mbele. Binti wa pale akabonyeza kompyuta yake, akatikisa kichwa. Pointi zilitosha. Tikiti ndiyo iliyonikataa.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi, na leo nataka tugawane, maana watoto wetu wametapakaa ng'ambo na wazazi wanaitwa huko kila mwaka.

Kwanza, elewa kwamba viti vyote vya daraja la kawaida si sawa, hata vikifanana. Kila tikiti ina herufi inayoonyesha kundi la bei yake. Mashirika mengi hayakubali tikiti za bei ya chini kabisa zipandishwe daraja kwa pointi. Hilo ndilo lililonipata. Kwa hivyo kabla ya kulipa, muulize ajenti wako swali moja tu: "Tikiti hii yaweza kupandishwa kwa pointi?" Pengine utaongeza pesa kidogo, lakini utakuwa umenunua nafasi ya kuomba.

Pili, angalia ni ndege ya nani hasa. Siku hizi shirika moja huuza tikiti, na jingine likarusha ndege. Pointi zako zaweza kukosa nguvu katika ndege ya mwenzake.

Tatu, chagua siku. Wafanyabiashara, ambao ndio hujaza viti vya mbele, hupenda kusafiri mwanzo na mwisho wa juma. Jumanne, Jumatano na Jumamosi mara nyingi huwa afadhali. Epuka majira ya Krismasi na likizo za shule. Kumbuka pia viti vyenyewe ni haba: Dreamliner za Kenya Airways, kwa mfano, zina viti 30 tu vya daraja la juu, na 204 vya kawaida.

Nne, omba mapema. Viti vinavyotolewa kwa pointi huhesabiwa, na wa kwanza kuomba ana heri. Ukiambiwa vimekwisha, omba jina liwekwe kwenye orodha ya kungoja, kisha piga simu tena siku chache kabla ya safari, kwani shirika likiona viti havinunuliwi huweza kuachilia vingine. Lakini fahamu kuwa orodha hiyo haifuati foleni tu. Wanachama wa ngazi za juu, wale wanaoruka kila wiki, hutangulizwa.

Tano, wachache hupata upesi kuliko wengi. Kiti kimoja hupatikana pale ambapo vinne havipatikani. Ikiwa wazazi wanasafiri na wajukuu, muulize ajenti kama yafaa kumwandikia mzee tikiti yake peke yake.

Wapo wanaoamini kwamba suti nzuri na tabasamu kaunta vitakupandisha. Adabu ni nzuri siku zote, lakini kompyuta haioni tai. Inaona aina ya tikiti, ngazi ya uanachama na saa uliyoomba.

Tahadhari mbili. Pointi nyingi huoza zisipotumiwa, basi jua tarehe yake. Na usiingie deni kununua pointi kwa ajili ya fahari. Kama hali hairuhusu, mnunulie mzazi kiti cha pembeni mwa njia, mhimize anywe maji na asimame kunyoosha miguu mara kwa mara. Hilo halihitaji pointi hata moja.

Mama alisafiri tena mwaka wa 2023. Safari hiyo niliuliza kabla ya kulipa, nikachagua Jumanne, nikaomba miezi minne mapema. Siku nne kabla ya safari nikapigiwa simu kuwa kiti kimepatikana. Aliporudi alikuwa amevaa viatu vyake.

"Kumbe kule mbele watu hulala!" akaniambia. Kisha akaninong'oneza, "Na ile mara ya kwanza, mwanangu, ulikuwa umenisahau?"

Sikuwa na jibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama nikiwa nimechelewa. Wewe usichelewe.

Tuonane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.