Kasi na Mchapuko: Gololi Itangulie Kanuni

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha na kupangiwa somo la mwendo, mara nyingi hufanya hivi. Huandika ubaoni kwamba kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Chini yake huandika kwamba mchapuko ni badiliko la kasimwelekeo lililogawanywa kwa muda. Darasa husoma kwa pamoja mara tatu, kisha hufuata hesabu tano za mafumbo. Watoto wengi hupata nne, naye mwalimu huandika katika andalio lake kwamba lengo la somo limefikiwa.

Kwa maoni yangu, lengo hilo halijafikiwa. Watoto hao wamefanya mazoezi ya kugawanya, kazi ambayo walikwisha kuifahamu zamani. Juu ya mwendo wenyewe hawajaambiwa neno.

Ukitaka kuhakikisha, liulize darasa hilo swali lisilohitaji hesabu. Waendesha baiskeli wawili wako katika njia iliyonyooka, kila mmoja akishika mwendo wake bila kuubadili. Wa nyuma anamfuata wa mbele, anamfikia, anampita. Je, ni wakati gani walikuwa na kasi iliyo sawa? Karibu darasa zima litajibu: walipokuwa sambamba. Nimeuliza swali hili mara nyingi, na mara nyingi jibu limekuwa hilo. Lakini ikiwa wa kwanza anakwenda mita 4 kila sekunde na wa pili mita 6, basi hawakupata kuwa na kasi sawa hata kwa nukta moja. Walipokuwa sambamba walikuwa na mahali pamoja tu, na huyo wa pili alikuwa akiendelea kumzidi mwenzake kwa mita 2 kila sekunde.

Tusiwacheke watoto. Jean Piaget alipochapisha mwaka 1946 uchunguzi wake juu ya fikira za watoto kuhusu mwendo, alionyesha kwamba mtoto mdogo hukihesabu kitu kuwa chenye kasi zaidi kwa sababu kimefika mbele zaidi. Mwaka 1980 David Trowbridge na Lillian McDermott walitangaza matokeo ya kuwahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliotazama mipira miwili ikipitana. Na miongoni mwa watu wazima hao walikuwamo waliosema kwamba mipira ilikuwa na kasi sawa pale ilipokuwa sambamba. Kosa hili, basi, halitoki katika uchache wa akili wala wa vitabu. Ndivyo binadamu aonavyo mwendo kabla hajafundishwa kuutenganisha na mahali.

Mfano mzuri wa kutenganisha mambo haya tunao. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Kasi yake ya wastani ilikuwa takriban mita 7 kwa sekunde. Bayi aliongoza tangu mwanzo, akawaacha wenzake mbali. Lakini mwishoni John Walker wa New Zealand alilipunguza pengo, akamaliza wa pili karibu sana naye. Waulize watoto: pengo lilipokuwa likipungua, nani alikuwa na kasi kubwa zaidi? Watajibu Bayi, kwa kuwa ndiye aliyeshinda. Waache wabishane. Ubishi huo una faida kuliko hesabu tano za mafumbo, maana atakayekubali kwamba Walker, aliye nyuma, ndiye aliyekuwa na kasi zaidi katika mita zile, amekwisha kuvuka kizingiti cha kwanza.

Kizingiti cha pili kinafanana na cha kwanza, ila kiko ngazi moja juu. Kama mtoto anavyochanganya mahali na kasi, ndivyo anavyochanganya kasi na badiliko la kasi. Husema gari lenye kasi kubwa lina mchapuko mkubwa. Hapa lugha yetu yenyewe inatusaidia kwa mkono mmoja na kutuponza kwa mwingine. Neno mchapuko limetokana na kuchapuka, na mtoto aliyezoea kuambiwa "chapua miguu" anajua kwamba anatakiwa kuongeza mwendo alio nao. Maana hiyo ni njema. Lakini katika fizikia basi linalofunga breki nalo lina mchapuko, uelekeao nyuma, na jambo hili neno lenyewe halilionyeshi. Mwalimu asiposema wazi, mtoto hawezi kulibuni.

Tuanze basi na abiria wa basi. Dereva akiondoka, mgongo hukandamizwa kitini. Akifunga breki, abiria husukumwa mbele. Na basi likiisha kushika kilomita 80 kwa saa katika barabara iliyonyooka na laini, abiria hulala usingizi. Kasi ni kubwa, lakini mwili hauna habari nayo. Mwili huhisi mabadiliko ya mwendo. Aliyepanda basi katika kona za mlima Kitonga, katika njia ya kwenda Iringa, anajua pia kwamba hata mshale wa kipimo cha dereva ukitulia mahali pamoja, abiria huegemezwa ubavuni. Hesabu ya kasi haikubadilika, mwelekeo umebadilika. Kwa sababu hiyo wataalamu hawakuridhika na neno kasi peke yake, wakaunda kasimwelekeo. Ukilieleza neno hilo kabla ya kona, ni neno refu la kukariri tu.

Sasa nifikie gololi, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Galileo, katika kitabu chake kilichochapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, alieleza jinsi alivyochonga mfereji katika ubao wenye urefu wa dhiraa 12, akautandika ngozi laini, akateremsha mpira wa shaba, na kupima muda kwa kuyakinga na kuyapima uzito maji yaliyochuruzika kutoka chomboni. Hakuwa na saa ya kumfaa. Mwaka 1975 mwanahistoria wa sayansi Stillman Drake alitoa rai kwamba katika majaribio ya awali Galileo, ambaye baba yake alikuwa mwanamuziki, huenda alitumia mapigo ya wimbo kugawa muda. Iwe hivyo au isiwe, rai hiyo inafaa mno katika shule isiyo na maabara, kwa sababu hakuna shule yetu isiyoweza kupata ngoma.

Chukua ubao wa mita 2 wenye mfereji, au mbao mbili zilizopigiliwa pamoja kwa pembe. Inua ncha moja kwa sentimita 5 tu. Ukizidisha, gololi itakimbia kuliko macho. Mtoto mmoja apige ngoma kwa mapigo yaliyolingana, takriban moja kwa kila sekunde. Wengine wanne wasimame kando ya ubao na chaki, kila mmoja akiwa na pigo lake. Gololi iachiwe pamoja na pigo la kuanzia, bila kusukumwa. Mwenye pigo la kwanza atie alama pale alipoiona gololi liliposikika pigo lake, wa pili vivyo hivyo, hata wa nne. Mara ya kwanza alama zitakuwa ovyo. Rudieni mara kumi, watoto wakisahihisha alama zao wenyewe, wala usiwasahihishie. Kisha pimeni nafasi kati ya alama na alama.

Kwa mteremko huo hesabu hutoa takriban sentimita 9, 26, 44 na 61. Gololi yako itapungukiwa kidogo kwa ajili ya msuguano, na mpiga ngoma wako ataharakisha, kama wapiga ngoma wote. Hata hivyo mambo mawili yataonekana. Nafasi zinakua: hiyo ni kasi inayoongezeka. Na kila nafasi imezidi iliyotangulia kwa kadiri ile ile, karibu sentimita 17: huo ndio mchapuko, nao haubadiliki. Mtoto ameviona vitu viwili, kimoja kikikua na kingine kikitulia, katika ubao mmoja. Ukiweka ubao wa pili uliolazwa sawasawa mbele ya ule wa kwanza, nafasi zitakuwa karibu sawa zote. Kasi ipo, mchapuko haupo. Baada ya hapo andika kanuni. Itakuwa muhtasari wa kazi ya mikono yao.

Wapo wakufunzi wanaoona kwamba mchapuko uachiwe shule za sekondari. Sikubaliani nao. Huko sekondari, katika shule nyingi za Tanzania, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyekuwa na wazo hili katika Kiswahili atapewa neno la kigeni kwa kitu asicho nacho, atalikariri, na atafaulu au kushindwa mtihani bila kujua kwa nini.

Nami nina deni katika jambo hili. Katika miaka yangu ya kwanza darasani nilifundisha darasa la saba juu ya jiwe lililorushwa juu. Nikasema kwamba jiwe likifika kileleni kasi yake ni sifuri, na kwa hiyo mchapuko wake pia ni sifuri. Msichana mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, kama kule juu hakuna kinachobadilika, mbona halibaki huko huko?" Nikamwambia akae, tusipoteze wakati.

Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Jiwe lililorushwa kwa mita 20 kwa sekunde huwa na takriban mita 10 baada ya sekunde moja, sifuri baada ya sekunde mbili, na mita 10 kuelekea chini baada ya sekunde tatu. Kila sekunde badiliko ni mita 10 zile zile kuelekea chini, na kileleni pia. Mimi nilikuwa nimekariri kanuni zote mbili vizuri sana, na niliweza kuzitumia katika fumbo lolote la kitabu. Niligundua kosa langu miaka mingi baadaye, nikitazama alama za chaki juu ya ubao, na wakati huo yule msichana alikuwa amekwisha kuondoka shuleni.