Luisha Iwe Komini Kabla Shaba Haijaisha

Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho Machi 2018, mrabaha wa shaba na kobalti nchini Kongo hauingii tena wote kwenye hazina ya Kinshasa kama zamani, ambapo majimbo na vijiji vilingojea mgawo usiofika. Nusu ni ya serikali kuu, asilimia 25 ni ya jimbo, asilimia 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo, na asilimia 15 hulipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya mji, komini, sekta au usultani ambao mgodi umo ndani yake. Kwa shaba mrabaha ni asilimia 3.5, kwa kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, ni asilimia 10. Zamani kuuliza kama mahali fulani panastahili kupandishwa hadhi lilikuwa zaidi jambo la heshima. Sasa ni kuuliza nani atatia sahihi pesa zinapotoka benki. Luisha, iliyo kando ya Barabara ya Taifa namba 1 kati ya Lubumbashi na Likasi, inatupa nafasi nzuri ya kulipima jambo hilo. Shaba yake imechimbwa tangu enzi za kampuni ya Kibelgiji Union Minière, na leo inachimbwa na ubia wa kampuni ya serikali Gécamines na wawekezaji wa China. Watu wamefuata kazi, biashara zimefuata watu. Hata hivyo makazi hayo yamewekwa chini ya sekta ya Lufira, wilayani Kambove, chombo kilichoundwa kwa ajili ya vijiji vya wakulima na wavuvi. Naona Luisha ipewe komini inayofanya kazi kweli, yenye ofisi, bajeti na mhasibu wake, na ipewe wakati mgodi bado unatoa.

Hoja hii naijenga juu ya yaliyoipata Likasi yenyewe. Likasi ni mji kisheria, una komini nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, na tangu enzi za ukoloni ilipoitwa Jadotville haijawahi kukosa hadhi. Lakini kwa miaka mingi kazi za mji hazikufanywa na ofisi ya mji. Union Minière, kisha Gécamines, ndiyo iliyojenga nyumba za wafanyakazi, ikaendesha hospitali na shule, ikagawa hata unga. Halmashauri haikupata sababu ya kujifunza kutoza kodi kwa haki, kupima viwanja wala kuzibua mifereji, kwa kuwa kampuni ilikuwapo. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1994 haikufika hata 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Meya aliendelea kuwapo, mihuri na mabango yalibaki, lakini huduma ziliondoka pamoja na kampuni. Wapo wanaohitimisha kwamba hadhi ya mji haina faida. Mimi naona kinyume chake: Likasi iliponzwa na kuwa na jina la mji bila mazoea ya kujihudumia, na mazoea hayo hujengwa wakati pesa ipo. Sekta yenye vijiji vingi vilivyotawanyika haiwezi kuyajenga kwa niaba ya Luisha, hata ikiongozwa na watu waaminifu kabisa.

Nasema komini, wala si mji. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu mamlaka za maeneo inataka wakazi 100,000 kwa makazi kuitwa mji, na 20,000 kwa komini, pamoja na amri ya Waziri Mkuu. Sensa ya mwisho ya taifa ilifanyika 1984, kwa hiyo kila anayetaja idadi anakadiria, na makadirio huvutwa na siasa. Kuanzia ngazi ya chini kunapunguza hatari ya kujenga ofisi kubwa ya meya, washauri na magari, ambayo ingemeza mrabaha kabla bomba la kwanza la maji halijalazwa.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la ardhi. Machifu wanahofu kwamba komini itauza viwanja vya mababu, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Minembwe, Kivu Kusini, ni onyo lililo karibu: ilitajwa kuwa komini katika amri za 2013, viongozi wake wakasimikwa Septemba 2020, na siku chache baadaye Rais Tshisekedi akaifuta hatua hiyo kwa sababu majirani wa makabila mengine walikataa mipaka. Luisha haina jeraha la kikabila la namna ile, lakini utaratibu ni uleule. Mipaka ijadiliwe kijiji kwa kijiji kabla ya amri kutoka, na machifu wawe mezani. Sheria ya 2008 yenyewe inaruhusu makundi ya kimila kuendelea kuwapo ndani ya komini. Kuwaingiza wakati huo ni rahisi kuliko kuwatuliza baadaye.

Wengine wanauliza faida ya komini ambayo burugumesta, yaani mkuu wake, atateuliwa kutoka Kinshasa. Ni swali la haki. Uchaguzi wa madiwani wa komini uliofanyika Desemba 2023 uliishia kwenye miji mikuu ya majimbo, na hata Likasi haikupiga kura hiyo. Lakini mkuu wa sekta naye hajachaguliwa na wakazi wa Luisha. Tofauti ni kwamba burugumesta angeishi karibu na watu wanaojua mgodi umelipa lini, na vitabu vyake vingekuwa vya mahali pamoja, vinavyoweza kubandikwa ukutani kila robo mwaka. Udhaifu wa uteuzi ni sababu ya kudai uchaguzi. Hauwezi kuwa sababu ya kuacha hazina mbali na watu.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi ni la vijiji vya Lufira vitakavyobaki bila mgodi. Luisha ikijitenga, inaondoka na sehemu ya asilimia 15 iliyokuwa ikichangia, angalau kwa nadharia, kisima au darasa mbali na barabara kuu. Malori yanayotimua vumbi hayaangalii mpaka wa komini, na mito haiangalii pia. Kwa hiyo sikubali Luisha ichukue yote. Bunge la jimbo mjini Lubumbashi liweke sharti, kabla ya kuunga mkono ombi lolote, kwamba sehemu ya mrabaha itaendelea kwenda sekta ya Lufira kwa miaka inayojulikana, kwa ajili ya maji, zahanati na barabara za vijiji vinavyoguswa na mgodi. Kiwango chake kijadiliwe hadharani, kiandikwe, na kampuni ipewe namba za akaunti zote mbili ili pesa isipite mkononi mwa mtu yeyote katikati. Luisha ikikataa sharti hilo, ombi lake lirudishwe.