Kubeba pamoja si kumiliki pamoja: kijiji cha Java na ushirika mpya

Mwezi wa Julai 2025 Rais Prabowo Subianto wa Indonesia alizuru Klaten, katika mkoa wa Java ya Kati, akazindua mpango wa kuanzisha vyama vya ushirika 80,000, yaani takriban kila kijiji nchini humo na chama chake. Vyama hivyo vilikusudiwa kuwa na ghala, duka la bidhaa za kila siku, duka la dawa na huduma za mikopo, ili mkulima aepukane na walanguzi na wakopeshaji wa riba kubwa. Nia ni njema, wala sina haja ya kuitilia shaka. Ninalolitilia shaka ni neno ambalo huandamana na kila mpango wa aina hii nchini humo: gotong royong.

Neno hili limetokana na kitenzi cha Kijava chenye maana ya kubeba kitu kizito kwa pamoja. Tarehe 1 Juni 1945, Sukarno alipokuwa akipendekeza misingi mitano ya taifa lililokaribia kuzaliwa, alisema kwamba misingi hiyo ikifinywa hadi ukabaki mmoja tu, basi huo ni gotong royong. Tangu hapo watawala wamelipenda neno hilo, hasa serikali ya Suharto, ambayo ililitumia kuwatoa wanakijiji kwenda kuchimba mifereji na kutengeneza barabara bila ujira. Sisemi kwamba ushirikiano wenyewe ni uzushi. Mjava anapojenga nyumba au kuihamisha, huwaita majirani nao huja. Desturi hiyo huitwa sambatan, na malipo yake ni chakula pamoja na deni la kwenda kumsaidia mwenzako siku yake itakapowadia. Lakini wanaoibeba nyumba pamoja hawaimiliki pamoja, na kila abebaye anajua vyema anabeba ya nani.

Lugha yao yenyewe haimwachi asahau. Kiswahili hakina kitenzi chake cha asili cha kumiliki. Sisi husema “nina shamba”, yaani niko pamoja na shamba, na tajiri na kibarua hulisema hilo kwa namna moja. Katika Kijava, kuwa na kitu ni duwe unapozungumza na mwenzio, ni gadhah katika usemi wa adabu, na ni kagungan iwapo mwenye mali ni mtu wa kutukuzwa. Nyumba vivyo hivyo: omah, griya, dalem. Kibarua azungumzapo na mkuu wa kijiji huitaja nyumba yake mwenyewe kwa griya na ya mkuu kwa dalem, hata kama zote mbili zimeezekwa vigae vya aina moja. Walimu na wanafunzi wa isimujamii hukifurahia sana kipengele hiki cha Kijava, nami ni mmoja wao. Sidhani kwamba kibarua yule hukifurahia kiasi hicho.

Hebu sasa tuitazame mali yenyewe. Kuna sawah, majaruba ya mpunga yanayotiwa maji. Kuna tegalan, shamba la nchi kavu. Na kuna pekarangan, ua wa nyumba wenye minazi, migomba, mihogo, kuku na pengine kidimbwi cha samaki. Nyumba ya jadi ni ya mbao, inaweza kuchanguliwa, ikauzwa au ikahamishwa, na kwa sababu hiyo desturi huitenganisha na ardhi iliyo chini yake. Ndiyo maana mtu anaweza kumiliki nyumba katika ua wa mwingine. Hali hiyo huitwa numpang, na anayeishi hivyo huombwa mkono wa kazi kila shughuli itokeapo kwa mwenye ua. Hata ng’ombe aliye bandani huenda si wake: amepewa amlee kwa mtindo wa gaduh, na ndama watakaozaliwa watagawanywa. Mkuu wa kijiji naye, kwa mujibu wa desturi, hulipwa kwa ardhi iitwayo bengkok, ambayo mara nyingi huwa hekta kadhaa. Mahali ambapo jirani ana robo hekta, hekta kadhaa ni ufalme.

Urithi umeyakata mashamba vipande vipande. Wana na mabinti wote hurithi, ama sawa kwa sawa ama kwa kanuni ya sepikul segendong, ambayo humpa mwana kiasi cha mzigo wa mtu abebaye vikapu viwili kwa mti begani, na binti kiasi cha kikapu kimoja cha mgongoni. Mali iliyochumwa katika ndoa, gono-gini, hugawanywa wanandoa wakiachana. Kwa upande wa haki za wanawake hapa pana mengi ya kusifiwa, maana mwanamke wa Java ana chake na aghalabu ndiye mshika fedha wa nyumba. Lakini kisiwa ni cha kilomita za mraba zipatazo 130,000 na watu wake wamepita milioni 150. Kugawa kwa haki kitu kisichotosha hakukifanyi kitoshe.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Clifford Geertz, alidai katika kitabu chake cha 1963 kwamba Wajava waliutatua mkwamo huo kwa kugawana umaskini: kila mtu akapewa kazi kidogo na sehemu kidogo ya mavuno. Wataalamu waliomfuata walimpinga, wakaonyesha kwamba wasio na ardhi na wenye ardhi walikuwako vijijini siku zote. Hata hivyo kulikuwa na ukweli fulani katika maneno yake, nao ulikuwa mikononi mwa wanawake. Mpunga ulipoiva, wanawake wa kijiji waliingia shambani na ani-ani, kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, wakakata suke moja moja, kwa desturi asije akashtushwa Dewi Sri, mungu wa kike wa mpunga. Kila mmoja aliondoka na bawon, fungu la alichokivuna. Jamaa wa karibu wa mwenye shamba walipata zaidi, watu wa mbali kidogo. Mwenye shamba hakuthubutu kuwafukuza. Kwa mwanamke asiye na jaruba hata moja, bawon ndiyo iliyokuwa shamba lake.

Haki hiyo haikufutwa na sheria yoyote. Miaka ya 1960 na 1970 zilikuja mbegu mpya za mpunga mfupi uzaao sana, na wenye mashamba wengi wakaanza kuuza mavuno yakiwa bado yamesimama shambani, kwa mtindo wa tebasan. Mnunuzi alikuja na kikosi chake, na mundu, na mizani. Yeye hakuwa na undugu na mtu hapo, wala hakudaiwa adabu na yeyote. Majirani waliofika na visu vyao walikuta shamba limekwisha kupata mwenye mavuno mwingine, naye mwenye ardhi aliweza kusema kwa moyo safi kwamba hakumkataza mtu. Wakati huohuo mashine za kukoboa mpunga zilienea, na ujira wa kutwanga kwa kinu na mchi, ambao pia ulikuwa wa wanawake, ukatoweka. Mnamo 1985 Suharto alisimama Rome mbele ya shirika la FAO kueleza jinsi nchi yake ilivyojitosheleza kwa mchele. Ni kweli ilikuwa imejitosheleza.

Je, sheria ilifanya nini? Sheria ya Msingi ya Ardhi, nambari 5 ya 1960, ilizitambua haki za mila, lakini haki kuu kuliko zote iliita hak milik. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: ni haki ya milki, maneno yale yale ya Kiarabu yaliyovuka bahari kuja kwetu na kwenda kwao, pamoja na waris na wakaf. Sheria nyingine ya mwaka huohuo iliweka kikomo cha umiliki, hekta 5 za majaruba katika sehemu zenye watu wengi mno. Wakulima waliojaribu kuitekeleza wenyewe, wakiongozwa na chama cha wakulima kilichofungamana na chama cha Kikomunisti, waligongana na wenye ardhi kuanzia 1963. Mauaji ya 1965 na 1966, yanayokadiriwa kuangamiza watu laki tano au zaidi nchini kote, yalifunga mjadala huo. Kwa miaka thelathini iliyofuata, kutaja ugawaji wa ardhi kijijini kulikuwa kujitia hatarini.

Kilichoruhusiwa kilikuwa ushirika. Vyama vya enzi ya Suharto viligawa mbolea na mikopo, na aliyefaidika ni mwenye shamba la kutia mbolea. Sensa ya kilimo ya 2023 ilikuta kaya zaidi ya milioni 16 nchini Indonesia zinazolima chini ya nusu hekta, kutoka milioni 14 hivi mnamo 2013. Na hao ndio walio na kitu cha kuhesabiwa. Katika mpango wa 2025 vyama viliruhusiwa kukopa kutoka benki za serikali, na fedha ambazo serikali kuu huvipelekea vijiji ziliruhusiwa ziwe kinga endapo chama kitashindwa kulipa. Kwa hiyo mwanamke anayeishi kwa numpang, asiye na mpunga wa kuweka ghalani, amekuwa mdhamini wa deni la ghala.

Kanuni zinampa kila mwanachama kura moja. Lakini kanuni hizo hizo zinamfanya mkuu wa kijiji, kwa wadhifa wake, kuwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi inayokagua hesabu. Mwanamke huyo akitaka kuuliza fedha zimekwenda wapi, atamwuliza mwenye bengkok, katika mkutano, mbele ya watu, kwa krama, lugha ya heshima ambayo amefunzwa tangu utotoni asimpingie nayo mkubwa. Kiindonesia kingempa usemi usio na ngazi hizo. Mojawapo ya sifa zilizokifanya Kimalei kifae kuwa lugha ya taifa katika kiapo cha vijana cha 1928 ni hiyo. Ningependa kujua kumbukumbu za mikutano hiyo zitaandikwa kwa lugha gani, na ni nani atakayekuwa ameuliza swali la kwanza.