Meza ni ya Nani?

Wapo walimu wenzetu wanaowakaripia watoto wa Ibo na Mocímboa da Praia kwa hoja kwamba Kimwani chao, ndugu wa Kiswahili, kimejaa Kireno na kwa hiyo si lugha safi. Hoja hii ni dhaifu. Na tuwaulize: madaftari ya watoto hao huyasahihisha juu ya nini? Juu ya meza!

Asili ya neno hilo ni mensa la Kilatini, lenye maana ya meza, ya chakula kiandaliwacho juu yake, na hata ya meza ya mbadili fedha. Wareno wakalitamka mesa, likafika pwani yetu pamoja nao, waliotia nanga kwanza mwaka 1498. Leo Unguja na Mombasa hakuna adaiye kwamba limekichafua Kiswahili.

Basi kwa nini mkopo wa Unguja uwe pambo, na wa Ibo uwe doa? Kinachodharauliwa hapo ni msemaji mwenyewe. Mtoto akaripiwaye kwa lugha ya mamaye hujifunza kunyamaza. Kiswahili sanifu na Kireno tuwafundishe, naam, lakini tuanze na Kimwani walichokuja nacho darasani.