UCHAMBUZI: Kenya isijenge viwanda vya chanjo na kusahau wataalamu wa kinga

AZMA ya Kenya ya kujitengenezea chanjo imetangazwa na serikali mbili mfululizo. Kinachotajwa mara nyingi ni mitambo, ardhi na mabilioni ya wawekezaji. Kisichopewa uzito ni swali jepesi kuliko hayo yote: je, ni nani watakaofanya kazi ndani ya viwanda hivyo, na ni nani anayegharimia mafunzo yao?

Jibu linapatikana katika imunolojia, elimu inayochunguza jinsi mwili unavyotambua viini vya maradhi na kupambana navyo. Kila chanjo anayodungwa mtoto katika zahanati ni zao la elimu hiyo. Mtaalamu wake ndiye anayeamua ni sehemu gani ya kiini itumike, dozi iwe kiasi gani, na ndiye anayepima iwapo kinga iliyopatikana itadumu au itafifia baada ya miezi michache. Mitambo hununuliwa kwa mkataba wa siku moja. Mtaalamu wa namna hiyo huchukua miaka kumi au zaidi kupatikana.

Si kwamba Kenya ni mgeni katika uwanja huu. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, wamekuwa wakiwachunguza wanawake waliofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, Nairobi. Ilibainika kuwa baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukabiliwa navyo mara kwa mara, na katika damu yao kulikuwa na chembe za kinga zenye uwezo wa kuua seli zilizovamiwa na virusi hivyo. Ujuzi huo ulichangia kubuniwa kwa chanjo iliyoandaliwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, na ambayo ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka wa 2001. Ilionekana kuwa salama, ingawa haikuamsha kinga ya kutosha.

Hata kabla ya majaribio hayo kuanza, mzozo ulizuka mwaka wa 2000 ilipofichuka kuwa watafiti wa Nairobi hawakujumuishwa katika hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo. Pande husika hatimaye ziliafikiana. Hata hivyo, funzo lilikuwa wazi: anayetoa damu na jasho bila kushika kalamu wakati wa kuandika mikataba hujikuta akiomba kile alichosaidia kukibuni.

Wafugaji nao wana kisa chao. Mbinu ya kuwakinga ng'ombe dhidi ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ilikuzwa Muguga, Kaunti ya Kiambu, katika miaka ya 1970. Hadi leo chanjo hiyo inatambuliwa kwa jina la Muguga, ilhali kituo kilichokabidhiwa jukumu la kuitengenezea kanda hii kiko Lilongwe, Malawi.

Mkondo ni ule ule katika malaria. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Siaya na Kombewa, kisha mnamo Septemba 2019 ikaanza kutolewa katika Kaunti ya Homa Bay. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha matumizi yake mapana Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, ambayo pia ilijaribiwa Kilifi, iliidhinishwa Oktoba 2023. Ya kwanza ilibuniwa na kampuni ya GSK ya Uingereza, na ya pili ilibuniwa Oxford na hutengenezwa na Serum Institute ya India. Watoto wa Kenya wamenufaika na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nchi yao imebaki uwanja wa majaribio na soko la bidhaa.

Kiini cha tatizo ni jinsi wataalamu wa fani hii wanavyopatikana. Sehemu kubwa ya wanaosomea shahada za uzamifu hugharimiwa na miradi ya wafadhili wa kigeni. Mradi ukiwapo, maabara hujaa vijana. Mradi ukikamilika, mikataba hukatika, na kijana aliyefunzwa kwa miaka mingi hutafuta kazi nyingine au kupanda ndege. Udhaifu huu ulidhihirika mapema mwaka wa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni. Mpango wa BRILLIANT, uliowaleta pamoja watafiti wa mataifa 8 ya Afrika, Kenya ikiwemo, ili kutafuta chanjo ya Ukimwi, ulipoteza ufadhili wake wakati majaribio ya kwanza yalikuwa yanakaribia kuanza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ajabu ni kwamba sheria ya kuepusha aibu hiyo ipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 inaagiza kuwa asilimia 2 ya pato la taifa itengewe Hazina ya Kitaifa ya Utafiti kila mwaka wa kifedha. Zaidi ya mwongo mmoja umepita na kiwango hicho hakijawahi kukaribiwa.

Matokeo ya upungufu huo hayaishii maabarani. Mnamo 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai kuwa chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikipewa wanawake ilitiwa homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ya Afya na WHO zilikanusha, na ikaelezwa kuwa vipimo vilivyotegemewa vilikusudiwa sampuli za binadamu kama damu na mkojo, wala si dawa iliyo chupani. Maelezo hayo yalikuwa ya kitaalamu, lakini wangapi walikuwapo mashinani kuyafafanua kwa lugha ambayo mama wa kawaida angeielewa? Muuguzi aliyefunzwa kudunga sindano bila kufunzwa vyema inachofanya mwilini hawezi kumtoa mzazi hofu. Ndiyo maana ufundishaji wa imunolojia haufai kuwa sura chache tu ndani ya somo la viini, zinazokaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa.

Vipawa navyo havikosekani. Prof Faith Osier, Mkenya aliyejenga jina lake kwa utafiti wa kinga dhidi ya malaria huko Kilifi, aliongoza muungano wa kimataifa wa vyama vya wanaimunolojia kuanzia 2019 hadi 2022, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Baadaye alichukua kazi Imperial College, London. Hakuna anayepaswa kulaumiwa kwa kwenda kunakomfaa. Wa kuulizwa ni nchi inayowalea wanasayansi wa kiwango hicho na kukosa kuwaandalia pa kurudi.

Watakaopinga watasema kuwa Kenya ina mahitaji ya dharura zaidi, na kwamba shilingi inayopelekwa maabarani ni shilingi inayokosekana katika wadi ya wazazi. Hoja hiyo ina uzito, hasa wakati huu ambapo hospitali nyingi zinalia kwa uhaba wa dawa na wahudumu. Lakini Kenya imepangiwa kuacha kupokea msaada wa chanjo wa Gavi kufikia mwishoni mwa mwongo huu, na Marekani ilitangaza Juni 2025 kuwa inasitisha mchango wake kwa shirika hilo. Bili inakuja, iwe wataalamu wapo au hawapo. Tofauti ni iwapo nchi itailipa kama mteja asiye na la kuchagua au kama mtengenezaji.

Kwamba ahadi za wawekezaji pekee hazitoshi pia limeshuhudiwa. Machi 2022, kampuni ya Moderna ya Marekani ilitangaza kuwa ingejenga kiwanda nchini Kenya. Aprili 2024 ilisitisha mpango huo, ikitaja kushuka kwa mahitaji ya chanjo za Covid-19 barani. Kinyume chake, Taasisi ya Pasteur jijini Dakar, Senegal, imekuwa ikitengeneza chanjo ya homa ya manjano tangu miaka ya 1930. Imedumu kwa sababu kizazi kimoja cha wataalamu kilifunza kingine.

Ikiwa taasisi ya serikali ya Kenya BioVax inatarajiwa kufanikiwa, basi hatua tatu haziepukiki. Kwanza, Hazina Kuu itenge fungu la kudumu la kufunza wataalamu wa kinga, hata likianza kwa udogo, ili mafunzo yasifuate kalenda ya wafadhili. Pili, ziwepo nafasi za kudumu za ajira katika vyuo vikuu, KEMRI na BioVax kwa wanaohitimu. Tatu, kila mkataba wa majaribio uweke bayana umiliki wa matokeo na idadi ya Wakenya watakaofunzwa.

Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la kutengeneza asilimia 60 ya chanjo zinazohitajika barani ifikapo 2040. Mwanafunzi anayeingia chuo kikuu leo atakuwa katika upeo wa taaluma yake mwaka huo. Uamuzi kuhusu iwapo atakuwa Nairobi au ng'ambo unafanywa sasa, katika bajeti.