Makubadhi Yapigwe Chapa ya Fundi

Buti kuukuu za kike za kauboi, zilizoshonwa Texas miongo kadhaa iliyopita, leo zina wateja Marekani wanaozitafuta kuliko mpya. Ukizikagua ni kazi safi: kisigino kimeinamia ndani ili mguu usipenye kwenye kikuku cha farasi, na safu za mishono kwenye shingo ya buti huzuia ngozi isijikunje. Lakini fundi hodari wa Mombasa akipewa mfano ataziweza. Kinachopandisha bei ni jina lililopigwa chapa ndani. Anayesoma Nocona hapo anajua habari za Enid Justin. Baba yake, H. J. Justin, alianza kushona buti katika mji wa Spanish Fort, Texas, mwaka 1879, kisha akahamia mji wa Nocona. Alifariki 1918, na mwaka 1925 wanawe wa kiume wakahamishia biashara Fort Worth. Enid akakataa kuondoka. Alikopa dola 5,000, akafungua kiwanda chake papo hapo, akakipa jina la mji, katika biashara ambayo washonaji na wavaaji wengi walikuwa wanaume. Kiwanda cha Nocona kilifungwa 1999, na jina bado linauza.

Atakayesoma haya kijijini Bodo, hapa Kwale, ataguna, na ana haki. Anayekwenda kupanda mashua ya kisiwa cha Funzi huvua hata champali, sembuse buti. Ila hoja yangu haihusu buti. Inahusu makubadhi na ndara za shanga zinazouzwa ufuoni Diani. Mgeni huzigeuza, akatazama soli, asione kitu. Basi hushindana na muuzaji juu ya ngozi na gundi tu, na katika mashindano hayo fundi hupunjwa. Ndara zikikatika baada ya mwezi hajui amlaumu nani, zikidumu miaka kumi hajui arudi kwa nani. Wala chapa si mambo ya Kizungu. Mama wa Pwani anaponunua leso hutafuta pindoni maandishi ya K.H.E. Mali ya Abdulla, na asipoyaona huuliza kulikoni.

Wapo watakaosema ufundi huu ni wa jamii nzima, na jina la mtu mmoja litakuwa wizi. Hoja hii ni nzito, tena jirani zetu wameshaijibu: vikapu vya Taita vimesajiliwa kwa chapa ya pamoja, inayomilikiwa na kundi la wasusi. Makubadhi yanaweza kubeba chapa mbili, ya jamii na ya fundi. Wengine watasema chapa itaigwa. Itaigwa, naam, lakini chapa iliyosajiliwa inaweza kutetewa kisheria, na kiatu kisicho na chapa huigwa bila hata kosa kutajwa. Hofu ya gharama ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa muhuri wa chuma wa kugongea ngozi hununuliwa mara moja ukatumika miaka. Na pa kuanzia papo: vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti. Kwale inaweza kuanza huko, kila anayehitimu kazi ya ngozi atoke na muhuri wa jina lake na daftari la kuandika alichoshona, mwaka gani, na ngozi aliitoa wapi.