Ploti ya hamsini kwa mia kwenye dunia isiyo na udongo

Wiki nzima nimekuwa nikipigana na hitilafu moja ya tarehe kazini (aliyewahi kubadilisha saa za UTC kuwa saa za Kenya anaujua uchungu wangu), kwa hiyo leo naomba kupumzisha akili kwa jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu. Ardhi ya mtandaoni. Naam, ploti. Zile za kununuliwa kwa pesa taslimu ndani ya dunia ambamo huwezi kuotesha hata sukuma wiki.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nami aende akanywe chai: dunia hizi nazipenda sana, ila ardhi yake si ardhi, na anayekuuzia kana kwamba ni ardhi anakuchezea shere.

Wengi wanadhani mambo haya yalianza Oktoba 2021, Facebook ilipojibatiza Meta na kuanza kutuonyesha avata wasio na miguu. (Kampuni ya mabilioni, miguu hakuna! Kitengo chao cha mambo hayo kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13 mwaka 2022 peke yake. Nadhani kwa pesa hizo hata viatu vingepatikana.) Lakini Second Life ilifunguliwa mwaka 2003. Unaingia na avata wako, unajenga nyumba, unauza nguo, unalipwa kwa dola za Linden zinazobadilishwa kuwa dola za kawaida. Mwaka 2007 Maldives na Sweden zilifungua hadi ubalozi humo. Sisi huku mwaka huo hatukuwa na hata kebo moja ya intaneti ya chini ya bahari; SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitoka kwa setilaiti, na kuingia Second Life kutoka saiba ya Machakos ingekuwa kama kunywa bwawa la Maruba kwa mrija.

Sasa, hadithi ya mjomba wangu. Anakaa Mua, ana ng'ombe wawili wa maziwa, na hajawahi kuniuliza swali lolote la kompyuta isipokuwa kwa nini simu yake inaisha chaji. Mwanzoni mwa 2022 akanipigia jioni.

"Wewe ulisomea kompyuta. Hii ploti ya metavasi ni ya kweli?"

Kumbe kuna kijana alikuwa amemweka kwenye kikundi cha WhatsApp na kuwatumia picha za jiji linalong'aa, barabara nne nne, maduka, bahari. Mjomba alikuwa anafikiria kuuza ng'ombe mmoja. Nikamuuliza: kampuni ikizima seva, ploti iko wapi? Akanyamaza. Nikamuuliza: nani anapita mbele ya hiyo ploti kila siku? Hapo akacheka. "Mjomba," akaniambia, "hizo picha zinafanana sana na zile za Konza."

Tuliokulia huku tunaelewa mzaha huo. Konza Technopolis ilianza kama michoro ya kompyuta, ekari 5,000 za Malili, majumba ya vioo, vijana wakitembea na vipakatalishi. Rais Kibaki alizindua ujenzi Januari 2013, na kwa miaka mingi baadaye ukipita barabara ya Mombasa uliona nyasi. Leo kuna barabara, kuna majengo, kuna kituo cha data cha taifa, sitaki kuwa mchoyo wa sifa. Lakini hata wakati wa nyasi, udongo ulikuwepo. Ungeweza kwenda pale, kuuchota mkononi na kuuliza jirani mwenye mbuzi, shamba hili ni la nani? Hilo ndilo ambalo ploti ya mtandaoni haina, na ndipo nataka tukae kidogo.

Ardhi ina bei kwa sababu haiongezeki. Hapa Machakos ploti ya hamsini kwa mia, kwa futi, ni kama mita 15 kwa 30. Huwezi kuamka kesho ukakuta Machakos imeongezwa milima mingine ya Iveti. Decentraland, dunia iliyofunguliwa kwa umma Februari 2020, ina ploti 90,601, kila moja mita 16 kwa 16, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ploti yetu. (Meta za mraba 256. Mkoa mmoja wa Second Life nao ni mita 256 kwa 256. Sisi waandishi wa programu tunaipenda hiyo namba kupita kiasi.) Uhaba wa hizo 90,601 umetoka wapi? Mimi nikiutazama kwa jicho la kazi yangu nauona hivi:

idadi_ya_ploti = 90601

Basi. Ni uamuzi wa watu, ukaandikwa kwenye msimbo. Hata kama hawataubadilisha kamwe, hakuna kinachomzuia mwingine kufungua dunia yake pembeni. The Sandbox wana ploti 166,464 zao wenyewe. Ukichoka na mbili hizo, nipe miezi michache na umeme usiopotea, nitakutengenezea ya tatu.

Na vilivyo ndani ya dunia hizo je? Novemba 2006, ndani ya Second Life, ilitokea programu iitwayo CopyBot iliyoweza kunakili vitu vya wengine. Wenye maduka wakafunga milango kwa kulalamika, kama tu soko la mjini likigoma. Fikiria fundi wa samani wa Wamunyu anaamka anakuta kila mtu ana nakala ya kinyago chake, bure, bila hata mkwaruzo.

Hapo Novemba 2021 kampuni moja ilinunua ploti 116 za Decentraland kwa takriban dola milioni 2.4, na sarafu ya dunia hiyo, MANA, ikapita dola 5. Kufika mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya nusu dola. Kijana wa WhatsApp hakuwa akiuza huko, alikuwa na dunia yake nyingine ambayo siitaji, lakini grafu yake ilikuwa ileile, inapanda kama ngazi. Mjomba aliitumia simu yangu, nikaikuza. Mstari wa chini haukuanzia sifuri! Ndiyo mbinu ya Kyamwilu hiyo. Mnapajua Kyamwilu, kule Kituluni, unapomwaga maji kwenye lami yanaonekana yakipanda mlima. Maji hayapandi. Mandhari ya pembeni imelala upande unaodanganya jicho. Ujanja wa leo basi: ukitumiwa grafu, kabla ya kutazama mstari, tazama namba za pembeni zinaanzia ngapi.

Mtu ataniambia, mbona M-Pesa nayo ni namba tu kwenye seva? Swali zuri, nimeulizwa sana. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 iliishi kwenye menyu ndani ya laini ya simu, ikafanya kazi hata kwenye mulika mwizi. Na kila shilingi unayoiona humo ina shilingi mwenzake iliyowekwa benki chini ya udhamini. Ile ni namba yenye kitu nyuma yake. Wazee husema punje isiyo na kiini ni pepe, na ndiyo maana neno "uhalisia pepe" hunichekesha kila ninapolisoma :-)

Ng'ombe hakuuzwa. Mwendesha boda boda wa kikundi hicho hicho alitoa akiba yake ya pikipiki ya pili, na hadi leo anaendesha ya mwenye mali.

Ukweli ni kwamba Second Life ingali hai, na pesa humo wamekuwa wakiipata hasa wajenzi: wanaoshona nguo za avata, wanaochonga nyumba, wanaoandika programu ndogo za milango na taa. Kijana anayeniuliza aingilie wapi, namwambia apakue Blender, ni ya bure, aanze na kiti kimoja. Kiti tu. Uwe na subira, maana kipakatalishi changu nikiifungua, feni inalia kama kinu cha posho na jirani huuliza kama nasaga mahindi. Na bonyeza Ctrl+S kila baada ya dakika mbili, kwa sababu stima ya huku haikusubiri. Nitaandika hatua za kile kiti wiki ijayo, nikimalizana na UTC.